Makaburi ya Kwemvumo

Jua la Kwemvumo lilikuwa limefifia tangu Ijumaa. Ndivyo alivyosema yule bwana wa kampuni kwenye simu, na Sajini Mwanahawa Abubakari, wa upelelezi Lushoto, akamwomba arudie.

"Limefifia vipi, bwana? Mimi hapa nalitazama kwa macho yangu. Wingu hakuna hata la dawa."

"Ndivyo kipimo kinavyosema, afande. Kile kioo kilicho juu ya mlingoti kinatakiwa kufutwa vumbi kila asubuhi. Jafari alikuwa hakosi. Tangu Ijumaa hakuna aliyekifuta. Sisi huku Dar es Salaam tunaona jua linapungua kidogo kidogo, kama mtu anafunga pazia..."

Gari likaingia kona na simu ikakata. Kutoka pale Mtae kushuka nyikani mtandao unaisha ghafla, kama umegonga ukuta.

"Anasemaje, afande?" akauliza Koplo Kristian, msaidizi wake, aliyekuwa kwenye usukani.

"Anasema Jafari hajagusa kipimo tangu Ijumaa."

"Na mtendaji wa kijiji anasema alionekana Jumapili anapanda basi."

"Ndiyo hivyo."

Kristian akashika usukani kwa mikono yote miwili. Mteremko ulikuwa mkali na joto lilipanda kila kona. Mwanahawa alishavua sweta, lakini vidole vyake vilikuwa vya baridi, akaviweka chini ya mapaja ili koplo asivione.

Jafari alikuwa kijana wa Soni. Kampuni ya umeme wa jua ilimwajiri akae Kwemvumo, apime jua na kuweka alama za ardhi, kwa sababu ilitaka kutandaza paneli zake katika nyika ile iliyo chini ya milima, ambako mvua hupita juu kwa juu ikaishia kwa wenye kabichi zao. Sasa kijana hakujulikana alipo. Kila asubuhi mama yake, Bi Zakia, muuza karoti, alikuja kutoka Soni akakaa kwenye benchi la kituo cha polisi, kikapu magotini. Hakulia wala hakugomba. Jana alimshika Mwanahawa mkono akasema, "Mwanangu, mimi sidai makubwa. Akiwa hai nileteeni. Akiwa amekufa, nileteeni nimzike."

Na kesho wawekezaji wenyewe walikuwa wanashuka kuiona nyika. Mkubwa wa Mwanahawa hakumficha. Kama leo hakipatikani kitu, jalada litaandikwa kwamba Jafari ametoroka na mali ya kampuni, na Bi Zakia atarudi Soni mama wa mwizi.

Kijiji kilikuwa kimya mno. Mwanahawa alijua watu wanavyowaogopa polisi. Wengine hukimbia, wengine huja kuchungulia na kuuliza nani kafanya nini. Hawa wa Kwemvumo walikuwa ndani, milango imefungwa katika joto lile la kuoka mkate, na nyuma ya nyufa za mbao macho yalikuwa yakimfuata. Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe kutoka kizingitini kwa nguvu hadi mtoto akapiga kelele. Kelele ile ikazibwa kwa kiganja.

Ukuta wa ofisi ya kijiji ulikuwa umechorwa jua kubwa la manjano, na chini yake maneno: KARIBU MWEKEZAJI, JUA LETU NI MALI YETU. Mtendaji wa kijiji, Nassoro, alikuwa mlangoni, shati jeupe limenyooka kwa pasi, viatu vyeusi vya ngozi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba."

"Poleni na mteremko. Maji haya hapa. Jua la kwetu halina huruma, ndiyo maana wageni wanatutamani." Akacheka. Hakuna aliyecheka naye.

"Jafari alionekana lini mara ya mwisho?"

"Jumapili alfajiri. Mtae, anapanda basi."

"Nani alimwona?"

"Watu."

"Watu wana majina, mtendaji."

"Afande, basi la Mtae linapakia gizani, baridi kali, kila mtu kajifunika blanketi. Nitakutajia nani?"

"Kama wote walijifunika, yeye walimjuaje?"

Nassoro akamimina maji kwenye bilauri. Mkono wake haukutikisika hata kidogo. "Kwa begi. Lile begi la kampuni."

Begi lenyewe lilikuwa limeshapatikana katika nyumba ya wageni huko Mombo, limeachwa mapokezi na mtu ambaye mhudumu hakumkumbuka sura. Mwanahawa hakulitaja. Alikunywa maji, akangoja. Alishajifunza kwamba ukinyamaza mbele ya mtu mwenye maneno, maneno yenyewe hutoka kukutafuta.

"Mimi kijana yule nilimpenda," akasema Nassoro. "Miaka nazunguka maofisini kuomba watu waje waone jua letu. Wengine walinicheka. Yeye ndiye wa kwanza kushuka. Ila si wote waliompenda, afande. Muulize Mzee Athumani, mchimba makaburi wetu. Aliapa mbele ya watu msikitini."

"Aliapaje?"

"Kwamba atakayemgusia shamba lake, atamchimbia yeye mwenyewe."

Walipotoka nje, Kristian akanong'ona, "Mchimba makaburi, afande. Hapo pana jambo."

"Pengine. Lakini mbona ametuletea jambo lenyewe kwenye sinia?"

Kibanda cha mama lishe kilikuwa upande wa pili wa njia. Eliza, mwenye kibanda, Mlutheri aliyeshuka kutoka Mtae kufuata biashara, alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha kutakata. Alipowaona akaongeza kusugua.

"Habari za kazi, dada?"

"Nzuri."

"Jafari alikuwa anakula hapa?"

"Wanakula wengi."

"Mara ya mwisho alikula lini?"

Eliza akatazama mlangoni, kisha dirishani. "Alhamisi jioni. Ijumaa hakuja kunywa chai. Nikasema labda amefunga."

"Nasikia alikuwa mtu wa mzaha."

"Sana!" Uso wa mama yule ukafunguka, mara ukafunga tena. "Mzaha ndio uliomponza."

"Mzaha gani?"

Sufuria ikasimama. Eliza akasogea mpaka Mwanahawa akasikia harufu ya kitunguu kwenye kanga yake. "Aliniuliza hapa hapa, 'Mama Eliza, hivi mababu wa kijiji hiki walikufa wote wiki moja?' Watu walikuwa wanakula. Vijiko vyote vikanyamaza."

"Maana yake nini?"

"Nenda kayatazame makaburi, dada yangu. Mimi nina watoto wa kulea. Nimesema hayo tu, na hayo yenyewe sijayasema."

Nje, Mwanahawa akamsogeza Kristian kwenye kivuli cha gari. "Panda mpaka upate mtandao. Piga Lushoto, waambie waje na daktari."

"Daktari? Hatujaona kitu, afande."

"Tutakiona."

"Na wewe?"

"Mimi nakwenda makaburini."

"Peke yako?"

"Mchana wote huu, Kristian? Nitaogopa nini?"

Wakatazamana. Gari lilikuwa moja na mtandao ulikuwa juu, hapakuwa na njia nyingine. Kristian akapanda garini, na Mwanahawa akabaki anasikiliza mngurumo ule ukififia mlimani mpaka akabaki na mlio wa nyenje na wa moyo wake.

Mzee Athumani alikuwa barazani pa msikiti, fimbo kati ya magoti. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu wa uzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye polisi. Viatu vyako vizito."

"Nataka unipeleke makaburini."

Mzee hakuuliza ya nani wala ya wapi. Aliinuka, fimbo ikipapasa ardhi mbele yake. Wakafuata njia ya mbuzi kutokea nyuma ya kijiji. Jua lilikuwa utosini, halikuacha kivuli hata cha kidole. Katika weupe ule mtu angeonekana kutoka mbali sana, na asingepata pa kujificha.

"Baba, nasikia uliapa kumchimbia mtu kaburi."

"Niliapa. Mimi kazi yangu ni kuchimba, ningemtishia kwa nini kingine? Ningekuwa fundi cherehani ningemtishia kwa sanda." Akatembea kidogo. "Nilisema kwa hasira. Baadaye yule kijana akaja nyumbani, akakaa chini, akanieleza shamba langu halimo kwenye alama zao. Tukala muhogo. Sikuwa na neno naye tena."

"Basi kijiji kizima kinaogopa nini?"

Mzee akasimama.

"Jela, mwanangu."

"Jela ya nini?"

Akaeleza kwamba habari zilipokuja kuwa kampuni italipa fidia ya ardhi, na kwamba penye makaburi ya wazee fidia inazidi kwa ajili ya kuyahamisha, watu walirauka na majembe. Wakalundika udongo, wakapanga mawe kichwani na miguuni. Mtendaji mwenyewe ndiye aliyewaambia kwamba mwekezaji anaheshimu mila. Nyika ambayo tangu dunia iumbwe haikuzikwa mtu ikajaa mababu.

"Na wewe ulichimba?"

"Hakuna aliyechimba! Udongo wa juu tu, astaghfirullah. Na jambo moja niliwakataza, wakanisikia wote, hata wale wahuni. Niliwaambia mtu asilaze fungu lake kwa kibla. Kaburi la kibla huku kwetu halitengenezwi kabla maiti haijaoshwa. Likikaa tupu linaita mtu. Basi wakayalaza yote yaelekee mlimani. Mgeni wa kampuni asingejua."

"Jafari alikuwa Mwislamu."

"Yeye alijua. Ndipo alipocheka."

Walikuwa wamefika. Mafungu yalitapakaa kwa safu katika nyika, ncha moja mlimani, ncha nyingine nyikani, kama matuta ya viazi. Katikati palisimama mlingoti wa kampuni na kile kioo juu yake. Kioo kilikuwa cha rangi ya udongo.

Mwanahawa akapita kando ya safu taratibu, akiyahesabu kwa macho tu. Mlimani, mlimani, mlimani. Karibu na mlingoti macho yake yakakwama.

Fungu moja lilikuwa limelala ubavu, limekingama na mengine.

Mawe yake yalikuwa mashariki na magharibi. Aliyelala humo kwa ubavu wa kulia, uso wake ungeelekea kaskazini, kibla. Udongo wake ulikuwa umebonyea kidogo katikati, kama godoro la mtu mmoja.

Hakusimama. Aliendelea kutembea, na hapo ndipo aliposikia hatua nyuma yao.

"Nimeona mmekuja wenyewe," akasema Nassoro. Alikuwa na jembe begani. "Huku nyoka wengi, afande. Si vizuri mgeni kutembea mikono mitupu."

"Umefanya vizuri kuja," akasema Mwanahawa, na sauti yake ikatoka nzima, mwenyewe akaishangaa. "Haya ndiyo makaburi ya wazee wenu?"

"Ya mababu. Tangu enzi na enzi."

Mzee Athumani akakohoa.

Watu wawili. Mmoja mchimba makaburi, mwingine mwenye jembe begani. Yupo anayejua kilicho chini ya fungu lile, na huenda wanajua wote wawili, na Kristian bado yuko juu anatafuta mtandao. Mwanahawa akatafuta jambo la kuwafanyisha, jambo dogo lisilo na harufu ya polisi. Ng'ambo ya safu kigingi cheupe cha kampuni kilikuwa kinang'aa. Mstari wa kwenda kule ulipita juu ya mafungu, na lile la ubavu likiwemo.

"Nataka kuona mpaka wa kampuni," akasema. "Nipelekeni pale kwenye kigingi. Tunyooke tu, miguu yangu imechoka na kuzunguka. Baba, tangulia."

Mzee akatangulia, fimbo inapapasa. Alipanda mafungu na kushuka kama mtu anayekatisha shamba la jirani, bila haya, kwa kuwa alijua ni udongo mtupu. Alipofika kwenye lile la ubavu fimbo ikazama. Akaing'oa, akakanyaga katikati kabisa, akapita.

Nassoro akafuata. Kiatu chake cheusi kilikanyaga babu wa kwanza, kikapiga teke jiwe la babu wa pili. Fungu la tatu akalipanda na kulishuka. Kisha, mbele ya lile la ubavu, mwili wake ukajipinda. Hakupunguza mwendo wala hakutazama chini. Alilizunguka tu kwa upande wa miguuni, kwa adabu, kama mtu aliyefundishwa madrasani tangu mtoto asimkanyage maiti, akarudi kwenye mstari na kuendelea kukanyaga mababu.

Hata yeye hakujua kwamba amefanya.

Mwanahawa alijua. Alijiweka nyuma kwa ajili hiyo. Mzee alikanyaga kwa sababu hakujua kuna mtu. Huyu alizunguka kwa sababu alijua, na aliyejua ni aliyezika.

Angenyamaza. Angesema asante, wakarudi kijijini, akangoja gari. Hilo ndilo alilopanga kichwani. Lakini macho yake yalikuwa bado chini, kwenye vumbi, mahali ambapo alama za viatu vya ngozi zilinyooka, zikakunja upinde, zikanyooka tena. Alipoinua uso, Nassoro alikuwa amegeuka. Na yeye alikuwa anazitazama alama zile.

Jembe likashuka kutoka begani.

"Kesho wanakuja, afande," akasema polepole.

"Najua."

"Hujui. Wewe unakaa Lushoto, unawasha taa kwa kidole. Mimi nimeomba miaka. Jua liko kila mahali! Dodoma lipo, Singida lipo. Wakiondoka hapa hawarudi tena." Akasogea. Mwanahawa akarudi nyuma, kisigino kikagonga jiwe. "Mwache mpaka kesho kutwa. Siku mbili tu. Hana shida pale. Nimemlaza vizuri, nimemwelekeza kibla, nimemsomea."

"Nani?" Mzee Athumani aliuliza kwa sauti nyembamba. "Nassoro, umemlaza nani?"

Mzee akateremsha fimbo akaipapasa njia aliyotoka, mpaka ikazama pale ilipozama mwanzo. Akauvuta mguu wake nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Innalillahi. Nimempanda mtoto wa watu."

"Nilimsukuma tu!" Nassoro akapaza sauti, jembe bado mkononi. "Alfajiri alikuja kufuta kioo chake. Nikamsihi asiseme habari ya makaburi. Akasema atasema, hawezi kuwadanganya waliomwajiri. Nikamnyang'anya simu, akanivuta, nikamsukuma, akaangukia chuma cha mlingoti. Basi. Begi nikalipeleka Mombo mimi mwenyewe. Afande, mimi si muuaji."

Mwanahawa hakuwa na silaha, alikuwa na pingu tu. Nyuma ya Nassoro, kutoka upande wa kijiji, wanaume walikuwa wanakuja, wengine na fimbo, wengine na mapanga. Walikuwa wameona jembe likishuka. Wakasimama mbali kidogo, nusu duara, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na uso wa kusomeka.

"Waambieni!" Nassoro akawapigia kelele. "Waambieni kama hamtaki umeme! Waambieni ni nani hakulundika udongo hapa! Akinichukua mimi, anawachukua wote!"

Wanaume wakatazamana. Mmoja akabadili panga mkono. Mwanahawa akaona wazi kwamba wakitaka, gari la Kristian litakuta nyika tupu, na mafungu mawili yaliyolala ubavu. Woga ukampanda hadi masikioni. Akasema yaliyokuwepo kinywani, kwa kuwa mengine hakuwa nayo.

"Waliolundika udongo sikuwafuata leo. Nimemfuata mtoto wa mtu. Mama yake anakaa kituoni kwetu, na jana aliniomba kitu kimoja, amzike mwanawe. Ni hilo tu nililoshukia huku."

Upepo wa moto ukapita, ukatimua vumbi juu ya mababu.

Mzee Athumani ndiye aliyejongea. Alipapasa hewa mpaka kiganja chake kikashika mpini wa jembe, juu ya mkono wa Nassoro.

"Lete, mwanangu. Hii ni kazi yangu."

Nassoro hakuachia. Wakasimama hivyo, mzee na mtu mzima, wameshika jembe moja, mpaka mwenye panga akalitupa panga lake chini. Mwingine akaangusha fimbo. Vidole vya Nassoro vikafunguka kimoja kimoja.

Mwanahawa akamfunga pingu. Chuma kilikuwa kimechemka kwa jua, kikamchoma yeye viganja kabla hakijamchoma mwenyewe.

"Hatuchimbi mpaka daktari afike," akawaambia. "Mtu asisogee."

Mzee Athumani akakaa chini kando ya fungu, jembe mapajani. Akakaa kitambo akipitisha vidole juu ya udongo, kichwani, miguuni, ubavuni, kama anayekagua kazi ya mwanafunzi.

"Nassoro. Umesema ulimsomea."

"Ndiyo, mzee."

"Na talqini, ya kumkumbusha maiti majibu ya kaburini?"

"Pia."

"Kwenye talqini maiti anaitwa kwa jina la mama yake. Ulimwita mwana wa nani?"

Nassoro akatazama viatu vyake. Machozi yalikuwa yanachora mifereji kwenye vumbi la uso wake.

"Sikumjua mama yake."

"Ukamwitaje?"

"Nilimwita Jafari tu."

Wanaume wakainamisha vichwa. Mzee akageuza macho yake yenye ukungu kuelekea alikosimama Mwanahawa, akangoja. Mwanahawa alikuwa angali anatetemeka, mwili mzima, na hakujali tena nani anaona.

"Zakia," akasema. "Jafari mwana wa Zakia."

Mzee Athumani akainama mpaka ndevu zikagusa udongo, akalitamka jina hilo taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa.